Dhambi ya Mmoja, Adhabu ya Wote: Arua, Koboko na Deni la Toba

Katika miezi iliyofuata Aprili 1979, mzaliwa wa Koboko alikuwa na kila sababu ya kuficha kwao. Idi Amin alikuwa ameikimbia Kampala mbele ya majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliotoka uhamishoni, akiacha nyuma miaka minane ya utawala wa damu. Idadi ya waliouawa zama zake hukadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 500,000. Inayotajwa zaidi ni 300,000. Watu walitaka mtu alipe. Amin mwenyewe alikuwa ameshakimbilia Libya, na baadaye akahamia Saudi Arabia. Waliobaki karibu na mkono wa kisasi ni jamaa zake: Wakakwa wa Koboko, kabila la baba yake, Walugbara wa Arua, wanaotajwa mara nyingi kuwa wajomba zake, Wanubi waliotapakaa mijini, na kwa jumla kila aliyetoka upande wa magharibi wa Mto Nile.

Waswahili husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa muuza samaki hiyo ni hesabu ya hasara. Kwa askari mwenye bunduki na uchungu wa ndugu aliyepotea, ni hukumu ya kifo juu ya watu asiowajua. Kanda ya West Nile imeishi chini ya hukumu hiyo kwa muda mrefu. Ndiyo maana maswali ambayo kwingine huishia mimbarani, yaani dhambi ni ya nani, nani atubu na Mungu huhukumu vipi, huko Arua na Koboko ni maswali ya ukoo, ya kijiji na ya makaburi.

Kanda iliyotoa askari

West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, baada ya kupita mikononi mwa Wabelgiji wa Mfalme Leopold na kisha Sudan. Wakoloni hawakuifanya kuwa nchi ya biashara. Waliichukulia kama ghala la nguvu kazi: vijana wake walikwenda kukata miwa kusini, wengine wakaandikwa jeshini. Kiswahili kilijikita huko kwa njia ya kambi za askari. Amin naye alipitia mlango huohuo alipojiunga na King's African Rifles mwaka 1946.

Wamisionari walifika katika kipindi hichohicho. Mwaka 1918 African Inland Mission ilianza kazi Mvara, Arua, kwa mapatano na Waanglikana, na Kanisa Katoliki likaenea kupitia mapadre Wakomboni kutoka Italia, ambao leo kumbukumbu yao kubwa ni Kanisa Kuu la Ediofe. Hadi sasa Wakristo, Wakatoliki hasa, ndio wengi katika kanda nzima, ingawa Uislamu una mizizi mirefu Yumbe na Koboko.

Wahubiri hao hawakuwakuta watu wasiojua dhambi. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kwa Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi kosa dhidi ya jamaa lilivyoaminika kuleta ugonjwa. Kijana aliyemvunjia mzee heshima, au ndugu aliyepigana na nduguye, angeweza kuugua kwa sababu mzee amewalalamikia wahenga. Ramli ilipigwa, kosa likatajwa, mgonjwa akipona mnyama akachinjwa, na ukoo ukakaa pamoja kula nyama na kusema yaliyokuwa moyoni. Kosa lilikuwa la mtu, lakini kulitengeneza ilikuwa kazi ya watu wote, na lilitengenezwa mchana, mbele ya macho ya wote.

Ukristo ulileta mkazo tofauti. Mbele za Mungu kila mtu alisimama peke yake. Kwa Mkatoliki njia ilikuwa kitubio: majuto, kuungama kwa padre, malipizi. Kwa Mwanglikana njia ilipata moto mpya kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1920. Walokole, kama walivyoitwa, hawakuungama chumbani. Walisimama mkutanoni wakataja wizi, uzinzi, ulevi na chuki zao, kisha wakarudisha walichoiba. Kaskazini mwa Uganda, Acholi na West Nile, baadhi yao walihubiri kwa vipaza sauti vya mkono hata nje ya makanisa, wakikemea wazi dhambi za waumini na za viongozi wao. Watu wakawaita Wapiga Tarumbeta.

Uamsho ulimfundisha mtu kurudisha mbuzi wa jirani. Haukufundisha jeshi, serikali au kabila litubu vipi. Pengo hilo lilikuja kugharimu watu wengi.

Shamba la Nabothi

Kabla ya kufika kwenye damu, ni vizuri kupita dukani, kwa kuwa kishawishi mara nyingi huanzia huko.

Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Zaidi ya watu 50,000 waliondoka na kuacha maduka, viwanda, mashamba na nyumba. Mali hizo ziligawiwa, nyingi kwa maafisa wa jeshi na watu wenye jamaa serikalini. Waganda wakawapa matajiri hao wapya jina la Kiswahili linalokumbukwa hadi leo: mafuta mingi. Wengi wao walikuwa askari wa West Nile, lakini si wote. Watu wa makabila mengi walipanga foleni kupokea ufunguo wa duka ambalo mwenyewe alikuwa bado hajapanda ndege. Miongoni mwao walikuwamo Wakristo waliosali Jumapili iliyotangulia, na Waislamu waliosali Ijumaa.

Msomaji wa Biblia anaijua habari hii kwa jina jingine. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi, akakataliwa, akajilaza kitandani akisusa chakula. Mkewe Yezebeli akatafuta mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, na mfalme akashuka kulichukua shamba. Uzito wa kisa hicho uko kwa watu wa katikati: wazee wa mji walioipokea barua ya Yezebeli wakaitekeleza, na mashahidi wawili waliosema walichoambiwa waseme. Ahabu hakurusha jiwe hata moja. Dhambi ya mtawala haikamiliki bila maelfu ya watu wadogo kusema ndiyo, kila mmoja kwa sababu yake ndogo.

Sheria ya Uganda ilikuja kurekebisha sehemu ya jambo hilo. Bunge lilipitisha sheria ya mali zilizotaifishwa mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 Waasia wengi walirudishiwa majengo yao. Lakini Zakayo wa Yeriko, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne, hakusubiri hati ya serikali. Mali za Kampala zilirudi kwa amri ya sheria. Ni wachache waliowahi kusimama wakasema walichukua kisicho chao.

Askofu mkuu na mrithi wake

Walokole walitoa pia mtu aliyemkabili Amin. Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini huko Kitgum, aliokoka Januari 1948 na kuwa askofu mkuu wa Kanisa Anglikana mwaka 1974. Mapema Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake usiku wakitafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua kali ya malalamiko. Tarehe 16 Februari aliitwa Kampala, akashutumiwa hadharani kwa uhaini, na siku hiyohiyo akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Hakuna aliyeamini.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana nje ya Uganda. Aliyechaguliwa kukalia kiti cha Luwum ni Silvanus Wani, askofu wa Madi na West Nile, aliyewahi kuwa kasisi wa jeshi. Wani alikuwa Mkakwa, kabila moja na muuaji wa mtangulizi wake. Kanisa ambalo waumini wake Waacholi na Walangi walikuwa wakichinjwa lilimkabidhi fimbo ya kichungaji mtu wa kabila la Amin, na aliishika hadi mwaka 1983, miaka minne baada ya Amin kuanguka, wakati ambapo kuwa Mkakwa kulitosha kumfanya mtu auawe. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa Wakristo kukataa hesabu ya samaki mmoja.

Mwingine aliyekataa hesabu hiyo ni Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliyetoroka kwa miguu kuingia Rwanda siku chache baada ya Luwum kuuawa. Mwaka huohuo alitoa kitabu kidogo kilichowashtua wengi kwa jina lake, *I Love Idi Amin*. Kivengere hakumtetea Amin wala hakuficha mauaji. Alieleza alivyogundua kwamba chuki yake mwenyewe kwa Amin ilikuwa imemtenga na Mungu. Wapo waliomwona shujaa wa imani. Wapo pia waliomwuliza swali la haki: msamaha huo unatolewa kwa niaba ya nani, na aliyekufa ameulizwa?

Ombaci, 24 Juni 1981

Kisasi kikubwa dhidi ya West Nile hakikuja na wanajeshi wa Tanzania walioingia Arua Juni 1979. Kilikuja baada yao. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliokuwa wamejificha Sudan na Zaire walivuka mpaka wakashambulia Koboko na kisha Arua. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, ambalo askari wake wengi walikuwa Waacholi na Walangi, lilijibu kwa kuchoma miji, kupora na kuua raia bila kuchagua. Zaidi ya watu 200,000 walikimbilia Sudan na Zaire. Arua ulibaki mji wa kuta zisizo na paa.

Waliobaki walikimbilia penye msalaba. Misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, kaskazini kidogo ya mji wa Arua, ilijaa maelfu ya watu wa vijijini waliolala madarasani na kanisani, wakisaidiwa na mapadre na Msalaba Mwekundu. Tarehe 24 Juni 1981, baada ya mapigano na waasi jirani na hapo, askari wa UNLA waliigeukia misheni. Walitupa mabomu ya mkono na kumimina risasi katika umati. Karibu watu 100 waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto, na wengi wakajeruhiwa. Leo pana mnara wa kumbukumbu mahali hapo.

Wengi wa waliokufa Ombaci walikuwa wakulima. Hawakuwahi kukaa ikulu wala kupewa duka la Mwasia. Baadhi yao walikuwa watoto waliozaliwa Amin akielekea mwisho wa utawala wake. Mtego wa panya, Waswahili husema, hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo. Na hapo Ombaci wasiokuwemo ndio waliokuwa wengi.

Maandiko yanasema nini

Mtu akitafuta katika Biblia kauli moja kuhusu dhambi ya mmoja na adhabu ya wote, atapata mbili. Katika Amri Kumi, Mungu anatajwa kuwa anawapatiliza watoto uovu wa baba zao hadi kizazi cha tatu na cha nne. Ahabu anapojinyenyekeza baada ya kukemewa na Eliya, adhabu yake inaahirishwa, na inawaangukia wanawe. Daudi anamchukua mke wa Uria na kumuua mumewe vitani. Anatubu mbele ya nabii Nathani, naye anasamehewa, lakini anayekufa ni mtoto mchanga. Hizi si kurasa rahisi, na mhubiri mwaminifu hawezi kuziruka.

Halafu anakuja Ezekieli. Watu wa Yuda walikuwa uhamishoni Babeli wakilalamika kwamba wanateseka kwa makosa ya wazazi wao. Nabii aliwakataza kusema hivyo tena. Sura yake ya 18 inapita vizazi vitatu hatua kwa hatua: baba mwema, mwana mwovu, mjukuu mwema. Kila mmoja anahesabiwa kwa matendo yake, na mwovu akigeuka anaishi. Ezekieli alizungumza na watu waliopoteza nchi yao, kama watu wa Koboko walivyoipoteza mwaka 1980.

Yesu naye alilikabili swali linalofanana sana na la Ombaci. Walimletea habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua katikati ya ibada yao ya dhabihu, naye akawauliza kama wanadhani watu hao walikuwa waovu kuliko wengine. Akajibu mwenyewe kuwa sivyo, akawakumbusha pia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Kisha akawageukia wao wenyewe: wasipotubu, nao wataangamia. Mafundisho ya sehemu hiyo ya Luka ni mawili, na yote mawili yanaigusa West Nile. Kwanza, mateso ya mtu si ushahidi wa hatia yake. Pili, kutokuwa na hatia kwa aliyeuawa hakumfanyi aliye hai kuwa msafi.

Hapo pa pili ndipo penye ugumu. Ni rahisi kwa mtu wa Arua kusema kwamba Ezekieli amemwachia huru. Lakini askari wa zamani aliyefanya kazi katika vyombo vya usalama vya Amin, akarudi kijijini kulima muhogo na tumbaku, naye yumo katika sura hiyohiyo ya Ezekieli, kwa jina lake mwenyewe. Yumo pia kijana wa Gulu au Lira aliyefyatua risasi Ombaci, na ambaye baadaye watu wake waliteseka miaka 20 katika vita vya Lord's Resistance Army. Yupo aliyesema mateso ya Acholi ni malipo ya Mungu kwa yale ya West Nile. Anayesema hivyo anairudia hesabu ya samaki, safari hii kwa jina la mbinguni.

Mkuki uliopindwa na karatasi ya msamaha

Kama makanisa hayakuwa na ibada ya toba ya kundi, mila zilikuwa nayo. Waacholi wana tendo la kupinda mikuki, *gomo tong*, linalofanywa na makundi mawili yanayoapa kutopigana tena. Katikati ya miaka ya 1980, utawala wa Rais Obote, uliokuwa na jeshi la UNLA, ulipoanguka na watu wa West Nile wakiwa na sababu na silaha za kulipiza, viongozi wa Waacholi walikutana na wa Wamadi, Walugbara, Wakakwa na Waalur wakapinda mikuki. Kisasi kikubwa kilichotarajiwa hakikutokea. Mapatano ya Juba ya mwaka 2007 kati ya serikali na Lord's Resistance Army kuhusu uwajibikaji yalizitaja rasmi mila za namna hiyo, ikiwamo *mato oput* ya Waacholi na *tonu ci koka* ya Wamadi. Katika *mato oput* mkosaji hukiri kwanza. Ukoo wake hulipa fidia. Kisha pande mbili hunywa pamoja maji ya mzizi mchungu. Ukoo hubeba mzigo pamoja na mkosaji. Haubebeshwi adhabu yake.

Serikali ilichukua njia nyingine. West Nile iliendelea kuwa na vita: West Nile Bank Front ya Juma Oris katika miaka ya 1990, kisha kundi la waasi la UNRF II la Ali Bamuze. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ikawafungulia mlango wapiganaji wote. Mtu alijisalimisha, akaukana uasi, akatoa bunduki, akapewa cheti, pamoja na shilingi 263,000 na vifaa vya kuanzia maisha. Tarehe 24 Desemba 2002, mkesha wa Krismasi, UNRF II, ambayo wapiganaji wake wengi walikuwa Waislamu, ilitia saini amani na serikali huko Yumbe. Nchini kote zaidi ya watu 26,000 walipata cheti cha msamaha.

Sheria hiyo ilinyamazisha bunduki, na anayeidharau hajawahi kulala porini. Hata hivyo haikumtaka mtu ataje alichofanya. Afrika Kusini, katika tume ya ukweli chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, iliweka sharti kwamba anayeomba msamaha wa sheria aseme ukweli wote hadharani, japo hata huko hakulazimishwa kujuta. Uganda ilikuwa na tume yake, iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder, iliyoundwa mwaka 1986 na kutoa ripoti mwaka 1994 kuhusu ukatili wa tangu uhuru. Ripoti ilichapwa, lakini wakulima wengi hawakuwahi kuiona.

Kwa vipimo vya kanisa, cheti cha msamaha si ondoleo la dhambi. Kitubio kinataka majuto, ungamo na malipizi. Sheria ya mwaka 2000 ilitaka kimoja tu, tena cha nje: kuacha.

Dumu la petroli

Dhambi za Arua hazikuishia vitani. Waliorudi kutoka uhamishoni walikuta mji ulioungua na mipaka miwili iliyo karibu, wa Kongo (Zaire ya zamani) na wa Sudan. Vijana wakaanza kuingiza petroli kwa magendo na kuiuza kwa madumu kando ya barabara. Watu wakawabandika jina la umoja wa nchi zinazouza mafuta duniani, wakawa vijana wa OPEC. Mtafiti Mbelgiji Kristof Titeca, aliyewachunguza, alikuta wakazi wengi hawawaoni kuwa wahalifu: waliwapa vijana kazi, na kijana mwenye dumu hakwenda msituni kujiunga na waasi.

Padre au mchungaji anapomsikia kijana wa namna hiyo akiungama amwambie nini? Mtume Paulo aliwaagiza Warumi walipe kodi. Lakini mji wa kijana huyo uliwahi kuchomwa na jeshi la serikali. Walimu wa maadili hutofautisha kosa dhidi ya amri ya serikali na kosa dhidi ya jirani, na kijana anayepima petroli pungufu au kuichanganya na mafuta ya taa anajua bila kufundishwa kwamba hilo la pili ni dhambi. Kishawishi kikubwa kiko kwa afisa wa mpakani anayepokea kitu kidogo, kwa kuwa yeye analipwa mshahara ili akatae.

Waliokimbia na waliokimbiliwa

Mwaka 2016 vita vilipofika Yei, Sudan Kusini, watu walimiminika kuvuka mpaka kuingia Koboko na Yumbe. Kambi ya Bidi Bidi, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo, ilipokea zaidi ya watu 270,000 katika muda wa miezi michache. Wengi wao walitoka upande uleule uliowapokea watu wa West Nile mwaka 1980. Koboko, ambako pia kuna kambi ya Lobule ya wakimbizi wa Kongo, ilitoa ardhi kwa wageni waliozungumza Kikakwa kama wenyeji. Deni la miaka 36 lililipwa bila mahakama wala tume.

Kuna dalili nyingine ndogo. Mwaka 2009, miaka 30 baada ya vita, Jaffar Amin, mmoja wa wana wa Idi Amin, alikutana na Madaraka Nyerere, mwana wa Mwalimu, huko Butiama. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutubu kwa niaba ya baba yake. Ezekieli hakuwaachia nafasi hiyo. Walichoweza ni kukutana.

Amin mwenyewe alikufa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, kitandani hospitalini, bila kufikishwa mahakamani hata siku moja. Mkristo anaamini kwamba faili lake halijafungwa. Imani hiyo ni haki yake. Lakini imani hiyo ikigeuzwa kuwa sababu ya kukaa kimya, inawasaidia wahalifu wanaoendelea kuishi.

Na wapo wanaoishi. Askari wa miaka 20 aliyekuwa Ombaci mwaka 1981 leo ana umri wa miaka sitini na kitu. Vilevile aliyekuwa kijana kazini katika ofisi za upelelezi za Amin ni mzee wa kijiji. Wengi wao ni waumini, wanakaa viti vya mbele, wanaheshimiwa. Luwum ana siku yake ya taifa, 16 Februari, ambayo tangu mwaka 2015 ni sikukuu ya Uganda nzima. Waliokufa Ombaci wana mnara wao na familia zinazodai fidia. Majimbo yenye makao Arua na Gulu, ya Kikatoliki na ya Kianglikana, yana maaskofu wanaofahamiana na barabara ya lami inayowaunganisha. Wanaweza kuitisha ibada moja ya pamoja Ombaci tarehe 24 Juni, nyingine Mucwini tarehe 16 Februari, na katika zote mbili wawaalike wazee hao waseme walichokiona na walichokitenda, mbele ya familia za waliouawa, kabla hawajazikwa nacho. Serikali inaweza kulipa fidia. Kuungama haiwezi kuwafanyia.